Kura ya Mtani

Siku alipozikwa mzee Petro, Mwanvita alivaa koti la mpwa wa marehemu, akaharibu maisha ya mtu, na watu pale makaburini wakacheka mpaka wakashika mbavu. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mwenye koti.

Msimlaumu kabla sijamaliza. Kule kwao, milimani juu ya Matombo, koo mbili zikiwa na utani, msiba wa upande mmoja ni kazi ya upande wa pili. Watani ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaoteka maji na kupika, na wao peke yao wana ruhusa ya kusema yale ambayo mwingine akiyasema anavunjwa meno. Mtani anaweza kulala chali katikati ya njia, jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Anaweza kumsema marehemu kwa uchoyo wake wa miaka sabini, na mfiwa haruhusiwi kununa. Dini haina nafasi katika hilo. Mwanvita alikuwa Mwislamu wa kufunga na kuswali, na ukoo wa marehemu Petro ulijaza mabenchi matatu ya kanisa la misheni kila Jumapili, lakini utani ni wa upande wa mama, unarithiwa pamoja na mashamba, na hakuna aliyewahi kuuliza unakwenda msikiti gani au kanisa gani.

Mwanvita alikuwa na miaka sitini na miwili, na kwa utani hakuwa na mpinzani kuanzia pale kwao mpaka chini barabarani. Msiba ambao hakufika watu waliuita msiba baridi.

Sasa, msimu ule karafuu zilikuwa zinaibwa. Mama wa watu anaanika karafuu zake kwenye jamvi asubuhi, anakwenda mtoni, akirudi anakuta jamvi limekunjwa vizuri na karafuu hazipo. Abdulmajid, mzee wa watu mwenye mguu mbovu, alikwishaibiwa majamvi matatu. Watu walikuwa na hasira, na hasira yao haikuwa na pa kwenda.

Basi pale makaburini jua lilikuwa kali, na Fidelis, mpwa wa marehemu, mwanamume wa miaka arobaini na ushee, akavua koti lake akalitundika kwenye mgomba. Mwanvita akaliona. Akalivaa, akainamisha mgongo kama aliyebeba gunia, akaanza kutembea kwa kunyata huku akinusa mikono ya koti.

"Njooni mnuse jamani," akasema. "Mnamtafuta mwizi wa karafuu mpaka mnakonda, kumbe yuko hapa anajiliza kwa mjomba."

Koti lilinuka karafuu. Bila shaka lilinuka. Kule juu hakuna koti lisilonuka karafuu, wala godoro, wala mtoto mchanga. Fidelis alicheka mpaka akakaa chini, machozi ya msiba na ya kicheko yakachanganyika, kisha akajikomboa kwa mkungu wa ndizi mzuzu kama desturi inavyotaka. Mwanvita akarudisha koti, akabeba mkungu wake, mzee Petro akazikwa. Yalikuwa yameisha.

Wiki mbili baadaye, kwenye mashine ya kusaga, jirani yake Asha alimsogelea akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mwizi ameanza kujulikana.

"Nani?" aliuliza Mwanvita.

"Wanasema Fidelis. Wanasema kuna nguo yake ilikutwa inanuka karafuu tupu."

Mwanvita alishangaa. Nguo gani, ilikutwa wapi, hakuuliza. Wala hakukumbuka koti lolote. Lile alilolivaa yeye lilikuwa la kuchekesha, na hili aliloambiwa lilikuwa la mwizi. Ungemwonyesha yote mawili mkononi asingejua ni moja. Jumatatu yake binti yake Nasra, anayeishi Mafiga, akampigia simu kutoka mjini.

"Mama, ni kweli Fidelis amekamatwa na mzigo?"

"Nani kakuambia wewe?"

"Watu wa huko wanaoleta ndizi. Wanasema karafuu anazishusha huku mjini, Kihonda."

Basi na mjini wanajua, akawaza Mwanvita. Usiku ule alilala akikumbuka mengi. Alikumbuka Fidelis ameezeka bati jipya jikoni. Alikumbuka kwamba tangu Pasaka Fidelis amekwenda Kihonda mara tatu. Kule Kihonda Fidelis alikuwa na dada yake aliyejifungua mapacha, na Mwanvita mwenyewe alikuwa amempa nguo za watoto apeleke, lakini hilo halikuja. Linapokuja wazo ambalo kila mtu analo, mambo yanayolipinga huwa yanakaa kimya nyuma ya mlango. Kesho yake Mwanvita ndiye aliyemweleza Esther, mke wa mwalimu, habari za bati na za Kihonda, na Esther akamshukuru kwa kumfumbua macho.

Mwenyekiti wa kijiji, Hatibu, aliitisha mkutano mkuu. Hakuwa mtu mbaya Hatibu. Alikuwa mtu anayependa jambo liishe. Akatangaza kura ya siri: kila mtu mzima apewe kikaratasi, aandike jina la anayemdhania kuwa mwizi, atumbukize kwenye sanduku. Raya, afisa mtendaji wa kijiji, binti mgeni aliyekuwa hana hata wiki mbili pale, akagawa kalamu. Mwanvita alikinga kikaratasi chake kwa kiganja, akaandika Fidelis, akakikunja mara nne.

Walihesabu mbele ya watu. Kura mia mbili na nne. Mmoja aliandika Simjui, mwingine aliandika Shetani, wengine wachache walitaja maadui zao wa mipaka ya mashamba. Kura mia moja themanini na tatu zilikuwa na jina moja.

Fidelis alisimama. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Nani ameniona?" na alipokosa jibu akageuka akamtafuta Mwanvita kwa macho, akatabasamu kidogo. Mtani anaweza kusimama kwenye mkutano wowote akasema chochote. Fidelis alikuwa anamngoja mtani wake aseme. Mwanvita akainama, akajifanya anafunga kanga.

Hatibu akatangaza kwamba Jumamosi watakutana kupitisha azimio. Fidelis, mkewe Modesta na watoto wao wanne watahama kijiji ndani ya siku kumi na nne. Waache nyumba, waache mikarafuu aliyoipanda bibi yao, waache makaburi ya ukoo wao.

Alhamisi asubuhi Raya akaja kwa Mwanvita na faili kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

"Nimeshakaribia mama, sitakaa sana. Nahitaji saini yako tu."

"Saini ya nini tena?"

"Ya ushahidi. Wilayani wataniuliza huyu mtu mnamhamisha kwa ushahidi gani, na kila niliyemuuliza ananitajia koti. Nikamuuliza mwenyekiti, hilo koti alilikamata nani? Akasema ni wewe."

"Mimi?"

Raya akafungua faili akasoma. "Siku ya maziko ya Petro, mbele ya watu wasiopungua mia, Mwanvita binti Salum alilikamata koti la mtuhumiwa, akalivaa, akalinusa, akatangaza kuwa mwizi wa karafuu amepatikana. Mtuhumiwa hakukana. Alitoa mkungu wa ndizi ili yaishe."

Mwanvita aliomba asomewe tena, na Raya akasoma tena, na hakukuwa na neno hata moja la kubishia. Alivaa, ndiyo. Alinusa. Alitangaza. Mkungu wenyewe walikwishaula, yeye na wajukuu.

"Raya," akasema, "ule ulikuwa utani."

"Utani upi mama? Mimi msibani sikuwepo, nilikuwa bado sijahamia. Nimezungumza na watu ishirini na tatu, hakuna aliyenitajia utani."

"Na wewe uliwauliza waliona nini?"

"Niliwauliza. Wengi hawakuwepo. Waliokuwepo walisema wameshasahau ilikuwaje, ila wanajua wenzao wanajua."

Mwanvita hakusaini. Alijitupia kanga, akapanda mpaka kwa Hatibu, akamkuta anakunywa uji. Alimweleza yote, tangu mgomba mpaka mkungu. Hatibu alimsikiliza kwa adabu, maana walicheza pamoja utotoni.

"Mama Nasra," akasema, "nakuelewa. Usiposaini si neno. Azimio litapita tu, watu wameshaamua."

"Watu gani?"

"Watu wote."

"Mimi si mtu?"

"Wewe ni mtu." Hatibu akaweka bakuli chini. "Na siku ile uliandika nani?"

Hatibu hakuwa na haja ya jibu. Aliendelea na uji wake, na baadaye akamsindikiza mpaka njia panda kama jirani mwema.

"Nakuonya kwa wema," alimwambia. "Ukisimama kumtetea, watasema mnagawana karafuu. Hasira za watu zikianza haziulizi umri."

Hapo Mwanvita akakasirika, na ndipo nilipoanza kumpenda. Aliogopa, sitawadanganya. Lakini kutishwa na Hatibu, ambaye yeye Mwanvita ndiye aliyemfundisha kuvaa kaptula upande wa mbele, hilo hakulikubali. Siku mbili alizobaki nazo alizitumia kujitukana. Alijiuliza aliwezaje kusahau kinywa chake mwenyewe. Jibu lilimtia aibu kuliko kosa: lile neno lilipomrudia, lilirudi na watu wengi nyuma yake, na yeye alikuwa mmoja.

Jumamosi watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Fidelis na Modesta walikaa kwenye benchi la pembeni, peke yao, ingawa lilikuwa benchi la watu sita. Hatibu akasoma azimio, na kabla hajaita mikono Mwanvita akasimama.

"Naomba nafasi," akasema. "Fidelis hakuiba. Lile koti mnalolisema nililivaa mimi, msibani, kwa utani. Nilisema mwizi huyu hapa kama ambavyo kwenye msiba wa mama yake nilisema mchawi huyu hapa, na kwenye wa bibi yake nilisema mlevi huyu hapa, na bibi yake hakuwahi kuonja pombe. Hakuna kitu kingine. Habari yote imetoka kwangu."

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akafuata, na mara mkutano mzima ukawa unacheka.

"Mtani huyo, kaanza mambo yake," akasema Dadi, muuza duka. "Mpeni mkungu wake anyamaze."

Wakazidi kucheka. Fikirieni wenyewe. Siku aliyotania walimwamini kwa kura mia moja themanini na tatu; siku aliyosema kweli waliona anatania. Mwanvita alisimama katikati ya kicheko alichokuwa amekizoea maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza akakichukia. Hakutabasamu. Akangoja mpaka kikaanza kufifia chenyewe, mpaka wale wa mbele walipoona uso wake wakakohoa.

"Raya," akasema, "shika kalamu. Andika. Mimi, Mwanvita binti Salum, kwenye kura ya siri niliandika jina la Fidelis."

"Mama Nasra, kura ni siri," akasema Hatibu.

"Yangu naitoa kwenye siri, ni mali yangu. Andika, Raya. Niliandika Fidelis, na sikuona kitu. Niliandika kwa sababu Asha kaniambia, na Nasra kanipigia simu, na wote walikuwa wananirudishia maneno yangu mwenyewe na mimi sikuyatambua. Nimeandika jina la mtani wangu kwenye karatasi ya wezi. Haya, mimi nimemaliza. Dadi, wewe uliona nini?"

Dadi akatazama kushoto na kulia. "Mimi? Mbona mimi?"

"Kwa kuwa umechangamka. Uliona nini?"

"Watu wote walikuwa wanasema."

"Sikukuuliza masikio, nimekuuliza macho."

Hapo watu wakaanza kunung'unika, sauti za nyuma zikasema huyu mama akae, anatupotezea muda, na mtu mmoja ambaye hakutaka kuonekana akasema wanagawana. Mwanvita alisikia. Akaendelea kusimama.

Ndipo Abdulmajid akainuka, kwa taabu, akiegemea fimbo. Watu wakamgeukia, maana hakuna aliyeibiwa kuliko yeye.

"Mimi nina haki ya kusema kuliko ninyi," akasema. "Karafuu ni zangu. Nami niliandika Fidelis. Moyoni sikuamini. Fidelis ndiye aliyenibeba mpaka zahanati nilipovunjika mguu. Lakini nilijua ninyi wote mtaandika yeye, nikaogopa nikiandika kingine mtajua, mtasema mzee anamjua mwizi wake anamficha. Nikaandika. Wallahi niliandika kwa kuwaogopa ninyi."

Asha, aliyekuwa amekaa na kinamama, akasema polepole, kama anayejisemea, "Kumbe na wewe mzee."

Hatibu aliona mkutano unamponyoka. Akapiga meza. "Tumesikia. Tunafuata utaratibu. Wanaokubali azimio wanyooshe mikono juu."

Mikono ikaanza kupanda. Ilipanda kwa namna ya ajabu, nusu nusu, kila mmoja akitazama wa jirani umefika wapi kabla ya kuongeza wake. Mwanvita akatoka pale alipokuwa, akaenda mbele kabisa, akawageukia.

"Inyoosheni vizuri," akasema. "Raya atapita. Kila mwenye mkono juu ataandikwa jina lake kamili, na mbele ya jina ataandikwa alichokiona kwa macho yake, kisha aweke dole gumba. Leo hakuna kukunja karatasi. Mnamtoa mtu kwenye makaburi ya mama yake, basi tieni saini."

Raya akamtazama mwenyekiti. Kisha, bila kungoja, akanyanyuka na faili lake na kisahani cha wino wa dole gumba. Sijui kama alifanya vile kwa ujasiri au kwa sababu aliona ndio utaratibu wenyewe. Akaanza na mstari wa kwanza. Mkono wa Dadi ukashuka ukaenda kukuna kisogo, ukabaki hukohuko. Wa jirani yake ukakumbuka shati lina vumbi. Raya alifika mstari wa tatu akiwa hajaandika jina hata moja, na kila alipogeukia mikono ilikuwa inashuka kabla hajafika. Mwisho ilibaki kumi na mmoja, wa Hatibu ukiwa juu kuliko yote, na wenye mikono hiyo hawakuwa na cha kuandika mbele ya majina yao. Azimio halikupita.

Hakuna aliyempigia makofi. Watu waliondoka wameinamisha vichwa, na Mwanvita akajua wanamchukia, maana amewaonyesha walivyo. Wiki ile Asha alipita njia ya mbali kwenda mtoni. Kwenye mashine ya kusaga mazungumzo yalikatika alipofika. Na karafuu ziliendelea kuibwa, za Esther safari hii, na mpaka leo mwizi hajulikani. Mwanvita akafanya shughuli zake. Alisalimia kila aliyemnunia, kwa sauti kubwa, akimtaja jina.

Jumapili mchana alikwenda kwa Fidelis. Alimkuta uani ananoa panga. Fidelis alipomwona akaweka panga chini, akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo mama," akasema.

Tangu mtoto yule ajue kusema, Mwanvita hakuwahi kusikia shikamoo kinywani mwake. Walisalimiana kwa matusi kama watani wote wa kule, na tusi likikosekana siku mbili mmoja alituma mtu kumuulizia mwenzake kama ni mgonjwa. Sasa alipewa shikamoo safi, ya adabu, wanayopewa wageni na wakaguzi wa shule. Iliingia mwilini mwake ikamkata.

Hakuitikia.

"Shikamoo mama," Fidelis alirudia.

"Nimesikia."

"Mbona huitikii?"

"Nitukane kwanza."

Modesta akatoka ndani na kigoda, akamwekea. Mwanvita akakataa kukaa.

"Niliandika jina lako," akasema.

"Nilikuwepo. Nilisikia ulivyosema."

"Basi nitukane. Una matusi ya kutosha wewe, nimekufundisha mimi."

Fidelis akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Mwanvita.

"Mama, mimi sina tusi," akasema. "Ulikosa, ukasimama mbele ya watu ukasema, nami nimebaki kwangu na wanangu. Nashukuru. Wewe itikia tu shikamoo yangu, yaishe, kila mtu abaki na heshima zake."

"Ndiyo maana siitikii," akasema Mwanvita.

Akageuka akashika njia ya kwake. Kesho yake, saa ileile, alikuwa tena uani kwa Fidelis, amesimama wima juani, anapewa shikamoo, anaikataa.